Mdiria Mkubwa Kama Bata

Katibu alikuwa akiwaita ndege majina kama mwalimu wa darasa la kwanza, kisha akisubiri waitikie.

Njooni msimame naye kidogo, mumwone. Ni Jumamosi asubuhi ya mwezi wa kumi, pale ambapo London inaishiwa nguvu na mashamba yanaanza. Ukungu umelala juu ya majani kama shuka iliyosahauliwa kambani. Katibu amevaa suti ya kijivu, tai, na kofia ya viua kichwani. Kuanzia magotini kwenda chini amevaa viatu vya mpira vya kijani, vya mtu anayekamua ng'ombe. Mkononi ana daftari jeusi la mahudhurio.

"Kunguru!"

"Kraa," anasema kunguru juu ya nguzo ya uzio.

"Yupo. Njiwa mwitu!"

Kimya.

"Njiwa mwitu, kwa mara ya pili!"

"Katibu, njiwa si yule kule anakula," anasema Bi Zuhura.

"Anakula? Kikao kinaendelea, yeye anakula?" Katibu anatikisa kichwa, anaandika huku akitamka kila neno. "Yupo. Apewe onyo."

Miaka kumi na miwili nilitembea na mtu huyu, na nikiwaambia kwamba kwa miaka hiyo tulitembea umbali wa kutufikisha mwezini na kurudi kununua maziwa, msinitilie shaka. Nimemaliza shule ya jioni, cheti kiko ukutani. Ingawa ni kweli kwamba mwalimu wangu wa shule hiyo, nilipomwandikia insha juu ya matembezi yetu, aliweka wino mwekundu pembeni: kutoka Barking, mtaa wetu wa London, hadi shambani si maili mia nane.

Hatukumwita kwa jina. Nadhani hakuna aliyemwita kwa jina. Mkewe marehemu, Mungu amrehemu, nilimsikia kwa masikio yangu akisema kwenye simu, "Katibu, ukirudi pitia vitunguu."

Ukatibu wenyewe ulianza kwa sababu ya sukari. Daktari aliiambia jumuiya yetu ya Barking, Wazanzibari na Wapemba na sisi wa Tanga na kila aliyekuja kwa harusi akasahau kuondoka, kwamba wazee wetu wana sukari ya kufungulia kiwanda na lazima watembee. Jumuiya ikaunda kamati ndogo ya matembezi, ikamchagua yeye katibu kwa sababu alikuwa amestaafu kazi ya kupanga mafaili kaunsili, yaani halmashauri ya mtaa, na mikono ilikuwa inamwasha. Mwaka uliofuata jumuiya ikavunjika kwa ugomvi wa sufuria la biriani, nani kalichukua na nani kalirudisha limetoboka. Mwenyekiti akanuna, wajumbe wakatawanyika. Lakini kamati ndogo ya matembezi haikupata barua ya kuvunjwa.

"Nioneshe barua," Katibu alikuwa akimwambia kila aliyemshauri apumzike. "Huna? Basi tukutane steshini saa tatu."

Kwa hiyo tukabaki wanne. Katibu. Bi Zuhura, Mpemba aliyewatunza wazee wa Kiingereza miaka ishirini na tano akatoka na goti bovu na ulimi mzima, na ambaye katlesi zake ndizo zilizokuwa zikitutoa vitandani. Bwana Ramesh, mzaliwa wa Mwanza, mwenye duka Queensbury, aliyekuwa akivuka London nzima kwa treni mbili kuja kwetu. Tulipomuuliza kwa nini hatembei huko kwake, alisema, "Kule kila mtu ananijua, bwana. Nikisimama kutazama ua, watu watatu wataniuliza bei ya mchele." Na mimi, niliyekuwa nikitoka zamu ya ghala nikiwa nimelala nusu, nikiamka taratibu kadiri tunavyotembea.

Sasa, wengine wakienda kutembea mashambani hutembea tu. Sisi tulikuwa na kikao. Hapakuwa na hatua hata moja kabla ya akidi, na akidi ilikuwa watu wanne. Siku moja Bwana Ramesh alikwamishwa na treni njiani, tukasimama langoni mwa shamba saa nzima, meno yanagongana. Katibu akatazama huku na huku, akamwona farasi aliyeegemeza kidevu kwenye uzio. Alikuwa akiwaogopa farasi kuliko moto wa jahannamu. Lakini sheria ni sheria. Akamsogelea hatua tatu, akajikohoza.

"Unaombwa kuwa mjumbe mwalikwa. Huna kura."

Farasi akapiga chafya.

"Amekubali," Katibu akasema kwa haraka, akirudi nyuma. "Akidi imetimia."

Muhtasari wa siku ile upo hadi leo, na farasi yumo, kati ya Bi Zuhura na mimi.

Ndege ndio waliokuwa wajumbe. Maua yalikuwa wenyeji, kwa sababu hayaendi popote, kazi yao ni kupokea wageni. Wadudu walikuwa wananchi. Ndege aliandikwa mmoja mmoja, yupo, hayupo, hayupo kwa udhuru. Mbayuwayu, ambao kila mwezi wa tisa hukusanyika kwenye nyaya za umeme wakapiga soga kisha wakaenda zao kusini, waliandikwa "likizo", na Katibu alipenda kusema kwamba hakuna hata mmoja aliyewahi kujaza fomu.

Wenyeji wa mwezi wa kumi, tuseme kweli, wamechoka. Mbigili zimeota mvi na pamba zake zinaruka hovyo. Maua ya manjano ya kando ya njia yamebaki mawili matatu, yamesimama kama watu walioachwa na basi la mwisho. Lakini kulikuwa na ukuta mmoja wa mawe, umefunikwa na mmea mtambaazi unaochanua wakati mimea yote mingine imeshafunga mlango, na hapo wananchi walijaa. Nyuki, nyigu, mainzi ya mgongo wa kijani, vipepeo wekundu wamelewa, wote wakivuma kwa pamoja hadi ukuta ulitetemeka. Niliuona ukitetemeka, na Bi Zuhura aseme atakavyo. Katibu alivua kofia mbele ya ukuta ule kila mwaka. "Mkutano wa hadhara," alinong'ona, akaandika: Wananchi walihudhuria kwa wingi na kwa hamasa.

Ndege wasio na jina kwenye kamusi yake kuukuu aliwapa majina ya muda, mpaka kikao kitakapoamua. Yule mdogo wa kifua chekundu aliitwa Bwana Kifua, na alikuwa mjumbe bora miaka tisa mfululizo. Yule mweusi na mweupe mwenye mkia mrefu aliitwa Wakili, kwa sababu ya mavazi na kwa sababu ya kelele. Wakili alisimamishwa vikao viwili kwa kuvuruga utulivu. Alihudhuria vyote viwili, na Katibu akaangalia pembeni.

Ndivyo alivyokuwa. Aliwakaripia ndege kwa kuchelewa, naye mwenyewe hakuwahi kufika steshini kwa wakati hata siku moja, kwa kuwa hawezi kutoka nyumbani tai haijapigwa pasi. Alipiga marufuku kulisha wajumbe, akasema ni rushwa, na mfukoni mwa suti yake ya kijivu Bi Zuhura alikuta makombo ya mkate ya kutosha kupika bajia. Nyumbani kwake hakuwa na mmea hata mmoja. Nilimuuliza kwa nini. "Nikae na mwenyeji ndani?" alisema. "Nitamkirimu nini?"

Lakini jambo moja hakulifanyia mzaha. Ukimwambia umeona kitu, alikuuliza maswali matatu, sauti imeshuka, kalamu iko juu.

"Ukubwa?"

"Rangi?"

"Uelekeo?"

Ukikosa moja, haandiki. Alituambia kwamba miaka yote ya kaunsili aliona mafaili yaliyojazwa na watu waliokuwa nyumbani wamelala, na aliapa kwamba ikitokea siku moja daftari liko mikononi mwake mwenyewe, halitaingia humo kitu ambacho jicho halikukiona. "Daftari hili ndilo peke yake ninaloweza kuliapia," alisema, akalifuta kwa kitambaa, akalirudisha kwenye mfuko wa plastiki, na mfuko ndani ya mfuko.

Na mimi ndiye aliyempa zamu ya macho ya mbele! Mimi, ambaye kuku akipita naona mbuni. Nikisema kereng'ende mia, Bi Zuhura alikuwa akisema, "Gawa kwa nne, Katibu." Nikisema uyoga mkubwa kama mwavuli, "Gawa kwa nane." Tulikwenda hivyo vizuri tu, mimi nazidisha, yeye anagawanya, na daftari linabaki safi.

Kulikuwa na mstari mmoja mtupu. Mdiria. Ni ndege mvuvi wa mtoni, mgongo buluu, tumbo la rangi ya chungwa, na kitabu cha Katibu kilisema wapo katika kijito kinachopita nyuma ya shamba lile. Kila kikao alimwita. "Mdiria!" Tukasikiliza maji. "Mdiria, kwa mara ya pili!" Kisha akaandika "hayupo", na alipoandika neno hilo kwa jina hilo, mabega yalishuka kidogo ndani ya suti. Wajumbe wote wa kwenye kitabu walikuwa wameshahudhuria walau mara moja. Huyo hakuwahi.

Ukafika mwaka wa mvua. Mvua ya mwaka ule ilinyesha siku mia mbili bila kupumua, na mkigawa kwa nne bado ni nyingi. Tulisimama kwenye kijito tumelowa hadi kwenye mifupa. Katlesi zimekuwa uji. Bi Zuhura alitangaza kwamba anajiuzulu, kwa mdomo sasa hivi na kwa maandishi akifika nyumbani. Bwana Ramesh alitazama viatu vyake akasema hata mke wake hajui yuko wapi. Katibu akafungua daftari chini ya mwavuli, akaita wote hadi wa mwisho, na hakuna aliyeitikia, hata Bwana Kifua. Akafika kwenye mstari ule.

"Mdiria," akasema, na hakusema kwa mara ya pili.

Mimi nilikuwa nyuma ya kichaka kwa haja yangu ndogo. Nikafunga zipu, nikatoka mbio.

"Nimemwona! Katibu! Mdiria! Huyo! Huyo kapita!"

Mabega yakapanda. Mwavuli ukaanguka. Kalamu ikaenda juu.

"Ukubwa?"

"Mkubwa!" nikasema. "Mkubwa kama bata! Bata aliyeshiba!"

"Rangi?"

"Buluu! Buluu ya kuumiza macho!"

"Uelekeo?"

"Juu! Kapaa juu, kaelekea baharini!"

Akanitazama kwa muda mrefu, maji yanamchuruzika puani. Kisha akainama akaandika, mistari miwili, labda mitatu. Akafunga daftari, akapeana mkono na mimi kama mtu aliyepokea posa. Bwana Ramesh akapiga makofi. Bi Zuhura akasahau kujiuzulu, akagawa uji wa katlesi kwa vidole, tukaula tukicheka. Tukarudi steshini tukiimba.

Kwenye treni, Katibu kasinzia, Bi Zuhura akaniinamia sikioni.

"Nigawe kwa ngapi?"

Nikageukia dirisha.

"Wee mwanangu," akasema taratibu. "Daftari la watu hilo."

Toka siku ile nikawa na kitu kimenikaa kifuani kama mfupa wa papa. Nilikusudia kusema ukweli kikao kilichofuata. Na kilichofuata. Lakini Katibu hakumwita tena mdiria. Alifika kwenye mstari ule, akauruka, akageuza ukurasa, na kila aliporuka nilijua kwamba humo ndani, katika daftari pekee ambalo mtu huyu anaweza kuliapia, kuna bata wangu wa buluu.

Kisha macho yake yakaanza kuondoka. Hakutuambia. Tulijua siku alipotoa salamu rasmi kwa mfuko wa dukani ulionasa kwenye mwanzi.

"Korongo. Yupo. Amesimama vizuri leo."

Upepo ukavuma, korongo akajaa hewa. Bwana Ramesh alifungua mdomo, Bi Zuhura akamkanyaga. Dakika kumi baadaye Katibu alichomoa kalamu, akapitisha mstari juu ya alichoandika. Kuanzia hapo hakuandika hata mjumbe mmoja kwa macho yake mwenyewe. Aliuliza yale matatu, Bi Zuhura akajibu, na mimi nikapunguza sauti.

Bwana Ramesh alihamia kwa binti yake, mjini Leicester. Goti la Bi Zuhura likakataa ngazi za steshini. Katibu akaitisha kikao cha dharura kwa simu na kurekebisha akidi kutoka wanne hadi wawili. Hoja ikaungwa mkono na Bi Zuhura akiwa kitandani, akasema na sasa mniache nilale.

Vuli iliyopita akanipigia. "Jumamosi," alisema. "Ajenda moja."

Nilimfuata hadi fleti yake, kwa sababu hakuwa akiweza tena kupanda basi peke yake. Nikamwamkia, akaitikia marahaba akiwa anatafuta tai kwa vidole kabatini. Ilikuwa imepigwa pasi. Ilikuwa imepigwa pasi upande wa nyuma. Nikamfunga.

Tukafika kwenye kijito, tukakaa kwenye gogo. Siku ilikuwa na jua lile jembamba la mwezi wa kumi, lisilopasha chochote. Buibui walikuwa wametandaza nyavu juu ya kila kichaka, kila uzi una shanga za umande. Bwana Kifua alikuwapo, mita mbili kutoka kiatu cha Katibu, ananung'unika. Nikamwambia. Akatabasamu. "Yupo," akasema.

Nikajiambia: sasa. Mwombe radhi sasa, hapa, mko wawili.

"Katibu," nikaanza. "Ule mwaka wa mvua..."

Na hapo ndipo alipopita.

Sikumwona akija. Mstari wa buluu ulikata juu ya maji, chini, umenyooka kama kamba iliyovutwa, ukakoma kwenye tawi kavu upande wa pili. Akakaa. Tumbo la chungwa. Alama nyeupe shingoni. Akatazama maji. Nami nikatazama, na mdomo wangu, ambao haujawahi kukosa kazi tangu nizaliwe, ukakosa. Nani ataniamini? Ni nani duniani ambaye ningemwambia neno hili, asigawe kwa nane?

"Umenyamaza," Katibu akasema. "Wewe hunyamazi. Kuna nini?"

"Mdiria," nikanong'ona.

Akageuza uso kuelekea maji, macho yake meupemeupe hayashiki chochote. Hakuinua kalamu. Mikono yake ilikuwa imetulia juu ya daftari.

"Ukubwa?"

"Mdogo," nikasema. "Katibu, mdogo mno. Kamzidi shomoro kidogo tu. Nimeshangaa."

"Rangi?"

"Mgongo buluu. Tumbo chungwa. Ana kitu cheupe hapa shingoni, sikukijua."

"Uelekeo?"

"Alipita chini, karibu aguse maji. Sasa kakaa. Haendi popote." Kisha tawi likatikisika, na hapakuwa na kitu. "Kaenda. Juu ya maji, kulekule alikotoka, chini kwa chini."

Katibu akavuta pumzi ndefu. Akanipa daftari. Miaka yote ile sikuwahi kulishika.

"Yatokanayo na kikao cha mwaka wa mvua," akasema. "Soma."

Niligeuza kurasa. Kurasa za mwaka ule zilikuwa na mawimbi, zilikauka vibaya. Nikaikuta. Mwandiko wake mzuri wa mafaili, wino umesambaa kidogo kwa mvua:

Mjumbe mmoja, kwa huruma, ametoa taarifa ya mdiria mkubwa kama bata. Kikao kimemshukuru. Shauri limeahirishwa hadi mjumbe huyo atakapomwona mdiria.

Nikasoma mara mbili. Mara ya pili sauti ilinitoka kama ya farasi.

"Ulijua," nikasema.

"Bata, mwanangu?" Alicheka hadi kofia ikasogea. "Bata aliyeshiba, anapaa baharini?" Akafuta macho kwa ncha ya tai. "Haya. Akidi ipo. Andika mwenyewe, mimi siuoni mstari. Mdiria."

Nikaandika: yupo. Herufi nne, na ziliniumiza mkono kuliko zamu tatu za ghala. Zilikaa chini ya zile zake kama mguu wa kuku kwenye uwanja wa hariri. Nikampa kalamu atie saini, nikamwekea ncha mahali pake, akatia.

"Mengineyo?" akauliza.

"Hakuna, Katibu."

Bwana Kifua akasogea hatua moja.

"Mdogo kiasi gani?" akasema Katibu. "Nioneshe."

Nikachukua mkono wake, nikaukunjua, nikampimia kwa kidole, kuanzia kifundoni hadi ncha ya kidole cha kati, mdomo wake huku, mkia wake huku. Sikuongeza hata kucha.

"Anaenea," akasema Katibu.

Akauweka mkono ule juu ya goti, kiganja juu, umefunguka hivyohivyo. Tulipoinuka kulifuata basi, nilibeba daftari na mwavuli, na yeye akautembeza mkono ule mbele yake polepole hadi kituoni, umefunguka, kama mtu asiyetaka kuangusha kitu.